Herufi ya Pili

Alipoingia dukani sikunyanyua kichwa. Niliendelea kukanyaga cherehani, pindo la pazia la mteja likipita chini ya sindano, nikajifanya sikuona kivuli chake mlangoni. Lakini moyo, mpuuzi yule, ulikuwa umeshamtambua tangu aliposimama nje kukung'uta viatu. Mwanaume gani mwingine hukung'uta viatu kabla ya kuingia kwenye duka la mapazia?

"Hujambo," alisema.

"Tumefunga."

"Mlango uko wazi."

"Kwako umefungwa."

Huyu ndiye Fundi Vioo wangu, au aliyekuwa wangu mpaka juzi. Yeye huweka vioo madirishani, mimi hushona mapazia ya kuvifunika. Tulikutana kwenye nyumba ya mtu, yeye juu ya ngazi, mimi chini na utepe wa kupimia shingoni, tukagombania dirisha ambalo vipimo vyake na vyangu vilikataa kulingana. Vyake vilikuwa sahihi. Nilikasirika wiki nzima, halafu nikaanza kumuwaza, na nilipoanza kumuwaza nikajua nimekwisha.

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Mtu akinisifia nguo, najiuliza anataka kukopa nini. Ndiyo maana mara ya pili tu kutoka na Fundi nilimuuliza swali ambalo wasichana wengine huliacha mpaka kadi za harusi zichapishwe: "Umewahi kupimwa selimundu?"

Hakucheka. Alisema alipimwa zamani, alipokuwa anaanza kazi, akaambiwa yeye ni AA. Mimi nikamweleza yangu. Mimi ni AS, nimebeba herufi moja mbaya, siumwi nayo wala sitaumwa. Lakini nikizaa na mwanaume aliyebeba kama mimi, kila mimba ni kamari, mtoto anaweza kuchukua S yangu na S ya baba yake akawa SS. Mdogo wangu wa kike alizichukua zote mbili kwa wazazi wetu. Nimekua nikimkanda miguu huku analia mifupa, na mama akiwa jikoni analia kivyake ili asionekane.

"Kama umebeba, niambie sasa," nilimwambia siku ile, "tuagane kabla hatujapendana."

"Sijabeba," alisema. Nikampenda bila wasiwasi, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo.

Sasa juzi majibu yalitoka. Mama alikuwa amesema wazee wa Fundi hawatakaa sebuleni kwake kuzungumza ndoa mpaka sisi wawili tupime upya, pamoja. Tukapima. Nilikwenda mimi kuchukua bahasha. Yangu ilisema A na S, kama siku zote. Yake nayo ikasema A na S. Mhudumu wa dirishani akaniambia niende chumba cha mwisho, mtaalamu anataka kuzungumza na sisi kuhusu majibu ya mwenzangu. Nikamwambia asante, kwetu hatuhitaji kusomewa. Karatasi hizi tumezisoma tangu mdogo wangu hajaota meno. Nikaondoka nikiwa nimezikunja mkononi, na kufika nyumbani zilikuwa zimelowa jasho. Nikamtumia Fundi ujumbe wa herufi mbili tu, AS, basi.

"Nimekupigia simu mara nyingi," Fundi alisema. Alikuwa amesimama karibu na vitambaa, mkono wa kushoto mfukoni. Huuficha hivyo tangu kioo kilipomkata, anaona kovu lile linatisha wateja.

"Nimeona."

"Basi niambie unachofikiri. Kunyamaziwa siwezi."

Nikasimamisha cherehani. "Nafikiri ulinidanganya. Ulijua nataka kusikia nini, ukanipa."

"Nilikuambia AA kwa sababu niliambiwa AA."

"Na nani?"

"Zahanati ya kiwanda nilichoanzia kazi."

"Bado ipo?"

Akasita. "Ilifungwa kiwanda kilipofungwa."

"Bila shaka."

"Bila shaka nini?"

"Bila shaka ilifungwa. Ingekuwa wazi ningekwenda kuuliza." Nilikuwa nimeanza na sikujua kuacha. Siku mbili nzima nilikuwa nimekaa na mambo yake yote nikiyageuza geuza, kila moja likawa na harufu. "Yule kaka yako aliyefariki mdogo. Alikufa na nini?"

"Homa."

"Homa gani?"

"Nilikuwa na miaka minne. Nyumbani walisema homa, nami nikasema homa."

"Na mama yako, siku alipomwona mdogo wangu macho yakiwa ya manjano, mbona alinyamaza ghafla? Watu wote huuliza. Yeye hakuuliza. Anayajua macho hayo."

"Alinyamaza kwa adabu," alisema polepole. "Hivi unajisikia unavyosema?"

Nilijisikia. Nilijisikia neno kwa neno, na nilitamani aje anizibe mdomo kwa mkono wake kama anavyofanya tukitaniana. Hakuja. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Nikakwepa kuyatazama kwa sababu najua yanachonifanya.

"Nimekwenda maabara mwenyewe leo," alisema. "Mtaalamu anasema majibu yangu hayajakaa sawa. Hakutaka kunieleza peke yangu, anataka twende wote wawili. Kesho asubuhi."

"Hayajakaa sawa, au hayajakaa unavyotaka?"

"Kesho utamuuliza."

"Umempa nini?"

Hakuelewa. Nilimwona kabisa hakuelewa, na bado nikarudia. "Huyo mtaalamu. Umempa nini ili abadilishe?"

Kuna wakati mtu hakasiriki, anachoka tu, na unaona kabisa uchovu ukimwingia usoni. Fundi alitoa mkono mfukoni, akalainisha kitambaa alichokuwa amekiegemea, akakirudisha kilivyokuwa.

"Nitakuwa pale kesho," alisema. "Usipokuja, sitakufuata tena."

Aliondoka. Nilipolitazama pindo nililokuwa nashona, lilikuwa limekwenda upande kama njia ya mlevi, ikabidi nilifumue lote.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele na mdogo wangu amelala kwenye kochi, chupa ya maji moto kwenye nyonga. Niliwaeleza. Sikuwaeleza yote, ile ya "umempa nini" niliiruka.

"Usiende," mama alisema bila kuinua macho. "Ukienda atakulainisha. Nakujua mwanangu, una kelele lakini wewe ni laini."

"Anasema majibu hayajakaa sawa."

"A na S. Kuna nini cha kukaa hapo? Mimi na baba yako hatukujua, tuliingia gizani. Wewe unajua. Ukiingia kwa kujua, nitakuuliza mimi mwenyewe, na huyo mtoto akikua atakuuliza pia."

"Atauliza kwa sauti gani?" mdogo wangu alisema kutoka kwenye kochi. "Kama yangu?"

Mama akasukuma ungo pembeni. "Hakuna aliyekutaja."

"Mnanitaja kila siku bila kunitaja, mama. Kila mkizungumzia mtoto wa dada, mnazungumza kuhusu mimi. Naumwa, sikatai. Kuna siku natamani nivue miguu niiweke kabatini. Lakini siku nyingine nakula, nasoma, nawasema watu, nina raha zangu. Msinifanye zimwi la kutishia wachumba."

"Mdogo wangu," nilisema.

"Sijamaliza. Wewe dada una akili, ila yote unaiweka kwenye kushuku. Mtu aliyedanganya angekubali kupima? Angeleta visingizio. Leo safari, kesho kazi, kesho kutwa anaumwa tumbo. Shemeji ndiye aliyekunja mkono wa shati kwanza, nilikuwepo, nilimwona."

"Labda alijua atanunua majibu."

"Basi shemeji hajui kununua," alisema mdogo wangu, "kwa sababu kanunua mabaya."

Hata mama alicheka, akajidai anakohoa. Mimi sikucheka. Maneno yale hayakuniachia usingizi mpaka asubuhi, na asubuhi nikavaa, nikatoka bila kuaga.

Fundi alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, akasimama kunipisha niingie kwanza. Hatukusalimiana. Mtaalamu wa maabara alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani juu ya paji la uso, anaongea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nilimtazama yeye, nikamtazama Fundi, nikitafuta kama kuna jicho litakalokonyeza jicho.

"Mnafahamiana?" niliuliza.

"Nimemwona jana mara ya kwanza," mama yule alisema. "Kwa nini?"

Fundi akashusha pumzi, akatazama dirisha.

"Kaeni. Wewe binti ndiye uliyesema kwenu mnajua kusoma?"

"Ndiyo."

"Basi tusome wote." Alitandika karatasi zetu mbili mezani, sambamba. "Tunachofanya ni hivi. Damu tunaipasua chembe zake, tunapata ile hemoglobini iliyomo, ambayo ndiyo inabeba hewa. Tunaidondosha kwenye ukanda, tunapitisha umeme. Hemoglobini za aina tofauti hazikimbii sawa. A inatangulia, S inabaki nyuma. Mwishoni tunaona mistari. Mwenye A tupu ana mstari mmoja mkubwa mbele. Mwenye S tupu ana wa nyuma. Aliyebeba ana yote miwili."

"Najua. Na yeye ana yote miwili."

"Hapo ndipo watu wengi wanapoacha kusoma." Akaweka kidole chini ya herufi. "Wanatazama herufi, hawatazami kiasi. Wewe S yako ni thelathini na nane katika mia. Ndivyo ilivyo kwa aliyezaliwa amebeba, zaidi kidogo ya theluthi, wengine inashuka mpaka robo. Sasa soma ya mwenzako."

Nilisoma. Nikasoma tena. "Nne."

"Nne katika mia."

"S ni S," nilisema, lakini sauti ilikuwa imepungua nguvu.

"Ni S kweli. Nilidhani mashine imenichezea, nikarudia, nne tena. Lakini hakuna mwili unaotengeneza hivyo. Mtu akizaliwa na S, S inafanya kazi na inaonekana. Hii ya kwake ni kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Ndiyo maana nataka kujua imeingiaje." Akashusha miwani machoni. "Siku mnatoa damu mliulizwa kama kuna aliyeongezewa damu miezi ya karibuni. Mlijibu nini?"

Fundi akageuka kunitazama.

Nilikumbuka. Yeye alikuwa pembeni anapokea simu ya kazini, foleni nyuma yetu inasukuma, mhudumu akauliza, nikajibu mimi kwa ajili ya wote wawili. Kuwajibia watu ni ugonjwa wangu. Na kwetu, ukisema kuongezewa damu, unasema mdogo wangu. Ni kitu cha wagonjwa wa damu, cha wodi na dripu na mama kulala chini sakafuni. Fundi hakuwa mgonjwa. Fundi alikatwa na kioo.

"Mimi ndiye niliyejibu," nilisema. "Nilisema hakuna. Nilisema sisi wazima."

"Na ni kweli hakuna?"

Fundi alikunja mkono wa shati, akaonyesha kovu kutoka karibu na kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Kioo kiliniangukia kazini, mwezi uliopita mwanzoni. Nasikia niliongezewa chupa tatu. Mimi sikuwa na habari, nilizinduka kesho yake."

"Chupa tatu," mama yule alisema. "Za nani?"

"Hospitali walitaka ndugu na marafiki wa kundi lake wachangie palepale," nilisema, maana hapo mimi ndiye niliyekuwepo, mimi ndiye niliyekimbia korido ile na damu yake kwenye gauni langu. "Walipima, wakachukua. Alikuwepo msimamizi wake wa kazi. Na binamu yake." Nikasikia ninachotaka kusema kabla sijakisema. "Na mimi."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu, kikalia mpaka mwisho wa korido.

"Wewe mwenye AS," mama yule alisema.

"Waliniuliza kama naumwa. Siumwi."

"Hawakukosea kukuchukua, aliyebeba bila kuumwa anaweza kumchangia mtu kama huyu, na unaona amepona. Lakini chembe za damu uliyopewa hukaa ndani yako miezi mitatu mpaka minne. Ukipimwa katikati hapo, tunapima wewe na aliyekupa kwa pamoja." Aliongea taratibu sasa. "Sitaapa kwamba S hii ni yako, hao wawili siwajui. Ila chupa moja ya mtu kama wewe, ikichanganyika na damu yake yote, mimi nikipiga hesabu napata karibu nne."

"Na yeye mwenyewe?" niliuliza. "Yeye ni nini?"

"Angekuwa amebeba, hata na chupa zote tatu ningeona S nyingi kuliko hii. Mume wangu akiniuliza nyumbani nitamwambia kijana ni AA. Kwenye karatasi siandiki. Arudi ikitimia miezi minne tangu alipoongezewa, apime, na safari hii ajibu maswali mwenyewe."

Tulitoka. Nikakaa kwenye lile benchi la korido. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nilimwita mtu mwongo kwa ajili ya damu yangu mwenyewe. Niliwalilia wauguzi usiku ule hospitali wachukue damu yangu yote wakitaka, mradi aishi, halafu nikaikuta ndani yake nikaiita ushahidi.

Fundi alikaa pembeni yangu, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

"Nisamehe," nilisema.

"Ya damu nimeshasamehe. Hukujua, hata mimi sikujua."

"Lakini?"

Yeye huwa hakimbilii kuongea, na zamani nilikuwa nalipenda hilo. Sasa liliniogopesha.

"Jana nilipotoka dukani kwako nilimpigia mama," alisema. "Nikamuuliza kaka yangu alikufa na nini. Nilimuuliza vibaya, kama polisi. Alilia kwenye simu. Alisema surua. Alisema miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza, na hakutegemea niwe mimi, tena kwa sauti ile." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ulinifanya nimshuku mama yangu. Nilijishuku hata mimi. Nikaanza kujiuliza kama kweli yule nesi wa kiwandani alisema AA au nilitaka kusikia AA."

Nilitamani kumshika mkono, nikaogopa kunyimwa.

"Na 'umempa nini,'" aliendelea, "hiyo imenikaa hapa. Sijui itatoka lini."

"Nitakwenda kwa mama yako. Leo."

"Nenda. Lakini nijibu kwanza kitu kimoja, na usinilainishie. Ingekuwa kweli nimebeba?"

Ningeweza kusema uongo mtamu. Mwanamke mwingine angesema nisingekuacha kwa lolote, na wote wawili wangelia, wakakumbatiana. Lakini nilimwona mdogo wangu kwenye kochi na chupa yake ya maji moto.

"Ningekuacha," nilisema. "Ningelia mwaka mzima, nisingeolewa na mwingine labda, lakini ningekuacha. Siwezi kumkanda mtoto wangu miguu nikijua niliichagua ile kamari."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kuumia. "Hilo naliweza," alisema. "Kuachwa kwa sababu ya damu nakuweza. Kuishi na mtu anayenipekua kila siku ndiyo siwezi. Leo damu, kesho simu, kesho kutwa nimechelewa kazini. Mama yako anasema akiona karatasi ya AA atafungua mlango. Sawa. Na wewe ukiiona karatasi, utaniamini mimi au utaamini karatasi?"

Swali lile lilinipata pabaya, kwa sababu jibu nililijua, na yeye alijua nalijua. Watu walipita na bahasha zao. Mtoto wa mtu alilia ndani kwa ajili ya sindano, akabembelezwa, akanyamaza.

"Miezi minne ikitimia," nilisema, "nenda peke yako. Mimi sitakuja. Mama nitamzuia. Chukua majibu yako, usome mwenyewe, au usomewe na yule mama. Halafu uje uniambie kwa mdomo."

"Nikuambie tu?"

"Uniambie. Utakachosema ndicho nitakachompelekea mama. Ukisema AA, nitamwambia afungue mlango. Ukisema vingine, tutalia tuagane."

Aligeuka mwili mzima, akanitazama kwa muda mrefu. Ananijua. Anajua kwamba nikiuziwa kitambaa cha pamba nakichoma uzi mmoja kwa kiberiti ninuse kama ni pamba kweli.

"Hutataka kuona karatasi?"

"Nitataka," nilisema, na machozi yakanitoka hapo hapo mbele za watu. "Nitataka sana, Fundi. Sitaomba."